Gramu Mbili za Shangazi

Darasa zima la kemia lilimwita Shangazi, ingawa shangazi wa damu alikuwa wa mmoja tu, yule binti wa kaka yake aliyefanya naye kazi meza ya dirishani. Mama huyo alirudi chuoni wanawe walipokwisha kujitegemea, na mwanzoni binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku hiyo walitengeneza aspirini. Walipewa gramu mbili za unga wa asidi salisili, na anhidridi ya asetiki, kimiminika chenye harufu ya kukata pua.

"Kipi kitaisha kwanza?" Shangazi aliuliza.

"Si unga? Ndio kidogo."

"Mimi kwa macho siridhiki. Geuza vyote viwe moli."

Binti akageuza uzito kuwa moli, yaani hesabu ya chembe zake. Kimiminika kilikuwa na moli karibu mara nne ya unga, na katika mmenyuko ule moli moja huungana na moja. Basi unga ndio ungeisha kwanza na kazi ikomee hapo. Hata isipotee chembe, aspirini isingezidi gramu 2.6.

Wakapasha moto, wakapoza kwa barafu, wakachuja fuwele. Mizani ikasoma 2.9. Meza nyingine hazikufika mbili na nusu.

"Tumewaacha mbali," binti alisema, moyo umemjaa.

"Tumeiacha mbali hesabu, mwanangu. Hayo yaliyozidi ni maji."

"Tuandike mbili na nusu basi, tukale."

"Njaa hata mimi ninayo." Akazitandaza fuwele kwenye sahani ya kioo, akazitia kwenye kikaushio.

Wenzao wakaosha vyombo, wakaondoka. Binti alinuna, kisha kununa kukamwisha. Alimtazama shangazi yake akitoa sahani, akipima, akiirudisha bila haraka wala manung'uniko, mpaka mizani ikagoma kushuka: 1.9. Asilimia sabini na tatu ya ile 2.6.

Mwalimu alipopima, fuwele ziliyeyuka kwenye joto lilelile lililotakiwa. "Safi kabisa," akasema.

"Na zilizopotea ziko wapi?" binti aliuliza.

"Nyingine kwenye maji ya kuchujia, nyingine kwenye chupa," Shangazi akajibu. " Na nyingine hapo kifuani pako."

Binti akajipangusa, akicheka.

Kantini, jamaa wa meza ya pili akatamba, "Sisi tisini na mbili. Nyie?"

"Sabini na tatu," binti alijibu bila kushusha sauti. "Yenu mliikausha?"

Jamaa akaacha kutafuna.

"Kikaushio bado kina moto," Shangazi akamwambia kwa upole. "Maliza kula kwanza."