Korongo wa Wilhelmina

Kwa miaka kumi na tisa, kila Oktoba kabla ya mvua za vuli, Mwalimu Valence alivuka Ziwa Babati kwenda kwenye kisiwa kidogo kilicho upande wa mbali, kuhesabu korongo weupe wanaokuja kutoka Ulaya. Aliwapiga picha, akaandika idadi, akaituma kwa Joyness, katibu wa kundi la wahesabu ndege huko Arusha. Alikuwa amestaafu kufundisha jiografia, na pale mtaani kwake Maisaka wapo waliomwona kama mzee aliyekosa kazi. Hakujali. Hesabu zake zilisomwa mbali.

Kisha presha ya macho ikaanza kumpofusha. Mwaka wa kumi na saba mke wake, Wilhelmina, ndiye aliyeshika darubini, na yeye akawa anaandika. Mwaka wa kumi na nane hata kuandika kulimshinda. Mwaka huu aliona mwanga tu pembeni, kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia.

Walivuka asubuhi na mapema kwa mtumbwi wa Melkiadi, mvuvi aliyewavusha miaka yote, wakikaa mbali na viboko. Kisiwani Wilhelmina alimshika mumewe mkono, akamketisha kwenye jiwe, akainua darubini.

Tope lilikuwa tupu. Matete yalikuwa yamekatwa hadi majini, na kulikuwa na yangeyange wawili tu. Akatafuta kushoto, akatafuta kulia. Wakasubiri mpaka jua likawa kali.

"Wapo, Mama Noela?" Valence aliuliza. Alikuwa amevaa koti lake la shule, lile la siku za ukaguzi, na uso ameuelekeza kusiko na kitu.

Wilhelmina alikuwa amemshonea koti lile mwenyewe. Alijua pia kwamba mwakani asingeweza kumfikisha pale. Magoti yake mwenyewe yalikuwa yanakataa.

"Wapo," akasema.

"Wangapi?"

"Arobaini na wawili."

Melkiadi alimtazama, kisha akatazama maji. Korongo wale hawalii wakiwa huku. Valence mwenyewe ndiye aliyemfundisha mkewe hivyo. Kwa hiyo kimya hakikumsaliti. Wilhelmina akainua kamera akapiga picha za tope, ili mumewe asikie mlio.

"Na mwenye pete ya kijani?"

Huyo, korongo aliyevishwa mguuni pete yenye namba huko Ulaya, alikuwa amekuja miaka sita mfululizo. "Amesimama pembeni, kama kawaida yake."

Valence alicheka kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Pasaka. Njia nzima ya kurudi alimweleza Melkiadi jinsi ndege yule alivyovuka jangwa.

Nyumbani Wilhelmina alichagua kwenye kompyuta picha ya yule mwenye pete, ya mwaka jana, ambayo haikuwahi kutumwa, akaituma pamoja na hesabu.

Siku ya nne Joyness akapiga simu. Valence aliiweka sauti ya juu ili mkewe naye asikie akipongezwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umemwona rafiki yangu?"

Joyness akasita. "Mwalimu, yule mwenye pete ya kijani aliokotwa amekufa mwezi wa nne, Sudani, chini ya waya za umeme. Namba ni ile ile."

"Basi wamekosea kusoma. Mke wangu amemwona, na picha unayo."

"Ninayo. Tarehe ya kamera ni Oktoba ya mwaka jana."

Wilhelmina alikuwa anachambua maharage. Mikono yake ikasimama. Valence aligeuza uso upande wake, akakosea kidogo, akawa anatazama kabati.

"Walikuwepo wangapi?" akamuuliza.

"Hakukuwa na korongo."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Baba Noela. Nilikuonea huruma."

Valence aliishika simu, ikiwa bado wazi. "Sifuri nayo ni hesabu," akasema. "Ningeiandika sifuri. Ndiyo ingekuwa habari kubwa kuliko zote." Kisha akaisogeza simu mdomoni. "Joyness, futa ya mwaka huu. Futa na mbili zilizotangulia. Alinisomea yeye."

"Zile zilikuwa za kweli," Wilhelmina akasema. "Mungu ni shahidi wangu."

"Nitajuaje?"

Joyness aliaga kwa sauti ndogo.

Hawakugombana. Valence alikula alichopikiwa, akashukuru, akasali naye. Ila hakumwuliza tena rangi ya kitu chochote. Shati lake alilichagua kwa kupapasa, na mara mbili alikwenda kanisani amelivaa kinyume badala ya kumwuliza.

Mwishoni mwa Novemba mvua ilinyesha siku tatu. Ya nne Wilhelmina alitoka uani akawaona: korongo weupe, wakishuka kwa mzunguko kwenye mashamba ya kuelekea Bagara, wakiokota wadudu waliofukuliwa na jembe. Akakimbilia mlangoni.

"Baba Noela, wamekuja. Toka nje, wako karibu kabisa."

Valence alikuwa ameketi na redio. Aliipunguza sauti, kwa adabu.

"Kama wapo," akasema, "wengine watawaona."

Akaiongeza tena. Wilhelmina akarudi uani, akasimama kwenye matope, akawahesabu mara mbili kwa kidole. Walikuwa thelathini na mmoja.