Chupa ya Kivuva

Kivuva hakuwa mwoga. Alikuwa na bucha pale Isinya, na aliwahi kumwangusha fahali mkali peke yake huku vijana wakitimua mbio. Lakini kichupa cha plastiki cha kutilia mkojo, alichopewa hospitalini, kilimtoa jasho, akakificha nyuma ya mizani.

Sababu alikuwa nayo. Baba yake alikufa kwa uvimbe wa utumbo. Ndugu yake Ngui alizikwa mwaka wa 2006, baada ya uvimbe kuota kwenye mrija unaotoa mkojo figoni. Ukoo wote ulisema ni kithitu, kile kiapo alichokula babu kwenye kesi ya shamba: akidanganya, kizazi chake kifagiliwe. Daktari aliyemtibu Ngui hakutaka kusikia habari za kiapo. Alisema ni saratani inayorithiwa, na kila aliyezaliwa katika nyumba hiyo apimwe mkojo kila mwaka kabla hajaugua, maana ikiwahiwa inatibika.

Kabla hajaugua! Tangu mazishi ya Ngui, kuna asubuhi Kivuva alikojoa mkojo mwekundu, akamwaga maji upesi mkewe Mbeke asije akaona. Alikuwa anaogopa kufa, basi, na aliona kwamba asipoambiwa hatakufa.

"Baba Mbaluka, umepeleka ile chupa?" Mbeke aliuliza kila jioni. "Ama unataka niwe mjane nikikuangalia hivi?"

"Nitapeleka. Kwani mkojo utatoroka?"

Mbeke alipochoka na majibu hayo, alisema kesho wanaenda hospitali ya Kitengela wote wawili, apende asipende. Ndipo Kivuva alipomwita mwanawe wa pekee nyuma ya bucha. Mbaluka alikuwa fundi wa mawe, kijana mwenye kifua kipana, hajawahi kumeza hata dawa ya kichwa.

"Nijazie hii."

Mbaluka alicheka. "Na wako, mzee?"

"Wangu umejaa dawa za presha, utaharibu majibu. Wewe uko na damu safi. Na usimwambie mamako."

"Haya. Tukipita hii mtihani, mbuzi za harusi yangu unatoa wewe."

Mkojo ulikuwa safi kabisa. Kivuva aliuinua kwenye mwanga, akashusha pumzi. Aliona amewafunga mdomo daktari, mke na kithitu kwa mpigo mmoja, maskini.

Kesho yake aliipeleka chupa akiwa na Mbeke, na siku ya majibu walikwenda wote watatu. Kivuva aliingia kwa daktari peke yake.

"Mzee, kaa nikuambie ukweli. Kuna damu kidogo, ile macho haiwezi kuona, na kuna seli mbaya. Tutaingiza kamera tujue ziko wapi. Lakini shukuru Mungu umekuja mapema. Wengine wanangoja mpaka mkojo uwe mwekundu."

Kivuva alishika ukingo wa meza.

"Uko na watoto?"

"Mmoja."

"Umlete pia apimwe. Hii kitu mzazi anaweza kumpa mtoto."

Hapo Kivuva aliangua kilio, mtu mzima na mvi zake. Alitamani ule mkojo uwe wake. Kama kweli kulikuwa na kithitu kinachokula watu, alikiomba kimle yeye sasa hivi, pale pale kitini, kishibe.

"Daktari, nimekudanganya. Huo ni wa kijana wangu. Mwekundu ndio wangu."

Daktari akafungua droo, akatoa chupa nyingine.

"Basi uniletee wako. Na kijana umwambie aingie. Leo."

Kivuva alifungua mlango, chupa tupu mkononi. Kwenye benchi Mbaluka alikuwa akimchekesha mama yake. Alipomwona babake alisimama, akamsogelea na kumkonyeza.

"Mzee," akanong'ona, "tumepita?"