Mthamini wa Nyumba Saba kwa Siku

Marehemu mume wangu aliniachia nusu ya nyumba. Nusu nyingine ni ya mdogo wake, shemeji yangu, mtu ambaye hata akicheka anaangalia saa. Yeye alitaka tuuze, mimi nilitaka kubaki. Tukakubaliana kwa wakili: aje mthamini, ataje bei ya nyumba, mimi nimlipe shemeji nusu yake ndani ya mwezi mmoja. Nikishindwa, nyumba inauzwa, nami nahamia kwa binti yangu, nikalale sebuleni na televisheni yao. Akiba yangu naijua hadi senti ya mwisho. Ilikuwa haifiki.

Kwa kuuogopa ulimi wangu, shemeji akamwomba wakili aongeze mstari: bei ya mthamini ni ya mwisho, hakuna kupinga. Tukatia sahihi.

Mthamini wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye viatu vya matope. Alitaka siku mbili: apime, apande darini, aulizie nyumba zilizouzwa hapa mtaani. Shemeji aliposikia ada yake akaguna.

"Siku mbili kutazama kuta? Kwani zitakimbia?"

Akatafuta mwingine, nusu ya ada, ripoti kesho yake.

Huyo alikuja na tai, gari akaliacha linanguruma getini. Shemeji alibaki humo garini, simu sikioni.

"Shikamoo bibi. Leo nina nyumba saba."

"Marahaba. Saba! Na kula unakula?"

"Nalipwa kwa nyumba, bibi, silipwi kwa saa."

"Basi usikae, mwanangu, utapata hasara."

Kejeli ilimpita pembeni, akanishukuru. Akapiga picha geti, akapiga picha mlango. Sebuleni akapima kwa hatua zake mwenyewe, simu ikalia, hesabu ikampotea, akaandika tu. Nikamchungulia begani. Alikuwa amefungua ripoti ya nyumba nyingine, anafuta jina la mwenye nyumba, anaandika letu! Mjukuu wangu alichapwa kwa ufundi huohuo, darasa la tatu.

"Nyuma kuna vyumba vinne vya kupangisha," nikamwambia, maana Mungu ananiona.

"Nyumba za huku nazijua, bibi. Zote zinafanana."

"Hutaki hata kuchungulia?"

"Bibi, naomba uniache nifanye kazi."

Nikamwacha. Kurudia ingekuwa kumfundisha, na ada ya ualimu sikulipwa. Chai ilikuwa jikoni haijachemka, mtaalamu ameshaondoka.

Siku ya pili tuko kwa wakili. Anasoma huku miwani inamteremka puani.

"Vyumba viwili. Choo cha nje. Paa linavuja. Banda la kuku limebomoka."

"Kuku gani?" shemeji akaruka. "Shemeji, wewe umewahi kufuga kuku?"

"Labda walikufa kabla sijawaona."

Bei ikasomwa. Nusu yake ilitosha ndani ya akiba yangu, na nauli ya kurudi ikabaki. Shemeji akampigia mthamini, simu akaiweka mezani sote tusikie.

"Kaka, umeacha vyumba vinne vizima! Na choo kiko ndani!"

"Kurudia ni ada mpya, na nafasi ni mwezi ujao," ikajibu simu, gari likisikika linanguruma. "Wewe ulitaka haraka au ulitaka vyumba?"

Ikakatwa. Shemeji akamgeukia wakili. Wakili akaufunua mkataba, akaweka kidole kwenye ule mstari, akakiacha hapo.

"Shemeji," sauti ikamlegea ghafla, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyemtukana jana, "si sisi ni ndugu?"

"Ndugu kabisa. Ndiyo maana nakulipa leo leo, sikusumbui mwezi mzima."

Akatia sahihi, karatasi ikakaribia kuchanika. Akaondoka bila kuaga, na kalamu ya wakili mfukoni. Wakili akamkimbilia hadi kwenye ngazi kuidai.