Mlango Usiopigwa Ufunguo

Kapinga, mwongoza matembezi, aliwaonya wageni wake watano mapema: katika kambi hii ya zamani ya reli, picha haipigwi kabla ya hodi. Wanne, walimu wa historia kutoka Kolwezi, waliitikia. Wa tano, mzee wa kofia ya pama iliyomfika nyusini, aliishusha zaidi. Huyo alikuwa Casimir, baba mzazi wa Kapinga, na walimu hawakulijua hilo.

Alifika juzi kutoka Mwene-Ditu, kwa Wakasai wenzake, baada ya miaka thelathini na miwili bila kukanyaga kambi hii. "Nipeleke kama mgeni," alimwambia. "Nataka kuiona nyumba yangu. Sitasema kitu." Angekataaje? Baba wa watu hakujua kwamba nyumba hiyo ndiyo kituo cha mwisho cha matembezi ya bintiye kila Jumamosi, wala kwamba uani hapo bintiye ameshakunywa chai hata akasahau hesabu.

Kapinga alikuwa na utaratibu wake wa kazi: nyumba yenye mwenyewe haisemewi. Anabisha, mwenyeji anatoka na kusimulia kwa kinywa chake, yeye anaitikia tu. Ndiyo maana kambi nzima ilimpenda. Tangu aliporudi akiwa mtu mzima walimwita Mama Hénoc, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye ni binti wa nani. Naye hakusema. Mtu akishapata mahali pa kukaa, tuseme ukweli, hatafuti maneno.

Wakapita bomba la maji, wakapita kanisa dogo la matofali. Mzee alikuwa akigusa kuta kwa ncha za vidole. Kila alipogusa, Kapinga alipunguza mwendo. Alitamani njia irefuke, lakini kambi ni ileile, na nyumba ya mwisho ikafika.

Papa Constantin, dereva mstaafu wa treni, mtu wa Kongolo, mwenyeji wa mkoa huu, alitoka akitabasamu. Alimpitia yule mzee wa kofia kwa macho kama alivyowapitia wengine.

"Karibuni, bantu ya Mungu. Mwaka wa tisini na tatu, Wakasai walipofukuzwa katika mkoa huu, walilala stesheni wakingoja treni. Mimi nilikuwa jirani, nyumba ile pale. Hii niliikuta tupu, mulango wazi, paka tu ndani. Nikasema, nyumba bila muntu itabomoka. Nikaingia. Na mulango nilioukuta wazi, mpaka leo sijaupiga ufunguo hata siku moja. Mgeni aingie tu."

Walimu wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Hapa ndipo Kapinga husema, "Asante, Papa," kisha watu hupiga makofi.

Lakini Kapinga alikuwa na miaka kumi siku ile ya kuondoka, na alikumbuka vizuri. Baba aliushika mlango kwa kishikio, akauinua kidogo, kwa sababu bawaba zilikuwa zimelegea na bila kuuinua ufunguo haukuzunguka. Akaufunga; mtu mwingine hakuuweza mlango ule. Akauviringa ufunguo katika leso, akampa Kapinga. "Mpelekee Papa Constantin. Mwambie atuchungie nyumba." Papa Constantin aliupokea kwa mikono miwili.

Kapinga aligeuka. Baba yake hakuwa akiitazama nyumba. Alikuwa akimtazama yeye, na ahadi yake ya kutosema aliitimiza kweli kweli. Kapinga aliona aibu, aibu ya Jumamosi zote zile kwa pamoja.

"Asante, Papa," alianza, kisha akauonyesha mlango kwa mkono. "Mlango ulikuwa umefungwa."

"Unasema nini, Mama Hénoc?"

"Ulikuwa umefungwa, Papa Constantin. Ufunguo nilikuletea mimi, ndani ya leso nyeupe. Ukanipa karanga za kula njiani. Mimi ni Kapinga."

Tabasamu la Papa Constantin lilibaki usoni, halina kazi. Alimtazama Kapinga tangu viatu hadi nywele, kana kwamba anatafuta humo mtoto wa miaka kumi. Kisha akageuka, akaingia ndani, akausukuma mlango nyuma yake.

Walimu walitazama chini. Pikipiki ilipita barabarani, ikaenda zake. Ndipo wakasikia chuma kikiingia katika tundu la kitasa. Ufunguo ulikuwepo, basi. Miaka yote hiyo ulikuwepo humo ndani. Ukazunguka nusu, ukakwama. Ukarudi, ukakwama tena. Mara ya tatu, ya nne, chuma kikikwaruza, na nyuma ya mbao mtu akihema.

Kapinga alinyoosha mkono kumzuia baba yake, lakini mzee alishampita. Alipanda kizingiti taratibu, akakamata kishikio kwa mikono miwili, akauinua mlango kidogo.

Kitasa kikalia, ta. Mlango ukafungika.

Kisha kutoka ndani, karibu kabisa na mbao, sauti ya Papa Constantin ikauliza:

"Casimir?"

Baba yake Kapinga alikuwa bado ameushikilia mlango, hajaushusha.