Matanga ya Sindano

Redio ilipotangaza kwamba Sindano amesajiliwa na timu kubwa ya jijini, Mwenyekiti alikuwa amepiga magoti mbele ya geti la watu, anachomelea bawaba. Hakuinuka. Alimaliza bawaba ya chini, akahamia ya juu, akaigonga kwa nyundo mpaka magamba ya chuma yakadondoka, ndipo akavua miwani yake myeusi na kuketi juu ya boksi la vyuma, kama mtu aliyemaliza kupanda mlima akaambiwa kwamba mlima wenyewe ndio kwanza uko mbele.

"Fundi, si yule ni mdogo wako?" mwenye geti akauliza.

"Ndiye."

"Wa tumbo moja?"

"Moja."

"Basi hongera, bwana! Leo ni siku ya kucheka!"

"Nashukuru," akajibu, kwa sauti ile ile ambayo watu hupokelea pole.

Mwenye geti hakuwa mtu wa mpira, asamehewe. Mtu wa mpira wa mtaa ule angejua kwamba hapo palikuwa na msiba, na kwamba aliyefiwa na mchimba kaburi ni mtu mmoja.

Tuelewane. Timu ya mtaa ule ilikuwa kama kitalu: inaotesha miche, inamwagilia, mche ukianza kuchanua anakuja mwenye shamba kubwa na koleo lake. Kila msimu hivyo hivyo. Mashabiki walichoka kulia, wakaamua kucheka, na wakakitungia kicheko chao sheria. Mchezaji akiuzwa, anafanyiwa matanga. Mikeka inatandikwa uani kwa kinyozi, birika la chai linatengwa, jezi ya aliyeuzwa inalazwa kwenye kiti cha kunyolea, na Mwenyekiti wa mashabiki anatoa wasifu wa marehemu mpaka watu wanashika mbavu. Kisha jezi inakunjwa, na jina halitajwi tena. Ukikutana naye njiani, hujamwona. Tangu lini maiti akaonekana? Na atakayemsemesha, au kumpa hata maji ya kunywa, basi naye amekufa, akatafute pa kukaa upande wa wageni.

Aliyeitunga sheria hiyo ni Mwenyekiti mwenyewe, mwaka ule walipomuuza kipa na lango likabaki kama nyumba isiyo na mlango. Wakati ule ilimtoka kama utani. Watu wakaipenda. Utani ukipendwa sana, ogopa. Siku moja utakuta umeota mizizi chini ya nyumba yako.

Jioni hiyo hiyo kinyozi alifika karakana, aproni bado kiunoni, nywele za wateja mabegani.

"Mwenyekiti, pole na msiba."

"Aa, kinyozi, niache nimalize kazi."

"Kazi haiishi. Matanga Jumamosi, baada ya alasiri. Nimeshawaambia watu." Kinyozi akakaa, akaangalia kucha zake. "Ila kuna maneno. Wanasema, wa wenzake aliwazika mchana kweupe, tuone wa kwake."

"Nani anasema?"

"Midomo."

"Ya nani?"

"Mwenyekiti, mdomo una jina? Mimi nimekuletea tu. Ukitaka kuahirisha..."

"Nimesema nitaahirisha?"

"Hujasema."

"Basi."

Kinyozi akaondoka akipiga mluzi, na Mwenyekiti akabaki na mashine yake iliyozimwa. Alikuwa amechoka uchovu ule usiotibika kwa usingizi. Sindano alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu baba yao alipofariki. Yeye ndiye aliyeacha kucheza winga, na goti lake bovu, akashika mashine ya kuchomelea. Yeye ndiye aliyepanga mapipa matupu pale karakana, dogo akawa anayapita na mpira wa matambara bila kuligusa hata moja, mpaka jina la Sindano likazaliwa hapo: pengo dogo kiasi gani, atapenya.

Lakini kilichomsumbua hasa hakikuwa Sindano. Kilikuwa Mzee Tochi.

Mzee Tochi alikuwa mlinzi mstaafu, mjane, na yule kipa wa kwanza kuzikwa alikuwa mwanawe wa pekee. Siku ya matanga mzee alicheka kuliko wote. Msimu ulipoisha, kipa akarudi likizo na jozi ya viatu vipya alivyomnunulia baba yake mkononi, akaja mpaka chini ya jukwaa la mashabiki: "Shikamoo, baba." Mzee akatazama juu ya kichwa cha mwanawe, kule uwanjani kusikokuwa na mtu. Jukwaa zima likashangilia. Mwenyekiti ndiye aliyeanza kupiga makofi. "Hapa hakuna undugu, hapa ni timu!" alisema, na watu wakamwona shujaa. Kipa aliviacha viatu kwenye ngazi akaondoka, hakurudi tena. Mzee Tochi naye, redio ikitaja ile timu iliyomnunua mwanawe, hiyo hiyo ya jijini, anazima.

Sasa Mwenyekiti aende akaseme nini? Kwamba undugu umeanza juzi?

Jumamosi mchana mama yao alikuwa anapanga nguo za Sindano kwenye begi, anazikunja, anazikunjua, anazikunja tena. Nguo zilikuwa chache kuliko mapenzi ya kuzikunja.

"Gari la timu linampitia mdogo wako jioni, pale njia panda," akasema bila kugeuka. "Utambebea begi."

"Mama, jioni hii nina msiba."

"Haa! Msiba wa nani, mbona sikusikia?"

Mwenyekiti akajikuna shingo. Mwanaume mzima, ndevu zimeanza mvi, akawa kama aliyevunja bakuli.

"Wa... wa huyu."

Mama akaacha kukunja. Akamtazama mwanawe mkubwa, akatazama mlango wa chumba ambamo mwanawe mdogo alikuwa anaoga na kuimba vibaya.

"Mwanangu," akasema taratibu, "huyu nimemzaa mimi. Akifa, nadhani wangenitaarifu."

"Ni mambo ya mpira, mama."

"Najua ni ya mpira. Mimi na mpira tumejuana zamani. Mpira ulinichukulia mtoto mmoja ukanirudishia goti bovu, sasa unamchukua wa pili. Sijaufanyia matanga." Akarudi kwenye nguo zake. "Nenda. Nenda kamzike, nami nitamwambia uko wapi. Mimi sijui kudanganya kwa niaba ya watu wazima."

Uani kwa kinyozi watu walikuwa wamejaa. Birika linafuka, vikombe vimepangwa, jezi nambari saba imelala kitini mikono imepishana kifuani, kazi ya kinyozi hiyo, ana mzaha mpaka kwenye kukunja nguo. Mzee Tochi alikaa mbele kabisa, miguu ameinyoosha mkekani, tochi yake mfukoni mchana kweupe kama kawaida.

Mwenyekiti akasimama. Makofi. Akakohoa.

"Ndugu waombolezaji. Marehemu alizaliwa na miguu miwili, yote ya kulia. Wa kushoto aliuazima kwa jirani na hakuurudisha."

Kicheko.

"Tangu utotoni alikuwa na kipaji cha kupotea. Sahani ikiisha chakula, ukigeuka kumwambia aoshe vyombo, yuko mtaa wa tatu. Mabeki wa ligi nzima wamemlalamikia kwa hilo. Mimi nililalamika kabla yao."

Watu wakagongana mabega. Kinyozi akafuta machozi kwa aproni. Mwenyekiti akasikia ulimi wake ukikimbia wenyewe, kama baiskeli kwenye mteremko, huku yeye amekaa nyuma hana breki.

"Alipougua surua, mwili mzima vipele, alitoroka dirishani akaenda kufunga mabao matatu. Timu pinzani yote ikaugua. Ndio ushindi pekee duniani uliokwenda hospitali..."

"Mawili," sauti ikasema mlangoni. "La tatu lilikuwa la kuotea."

Sindano alikuwa amesimama pale, begi begani, nywele bado mbichi.

"Shikamooni wote."

Watu wakatazama birika, wakatazama dari isiyokuwepo. Kinyozi, mlinzi mkuu wa sheria, akajipepea na kofia. "Jamani, upepo wa leo mkali! Mpaka milango inajifungua yenyewe."

Vicheko vya kubanwa. Sindano akavua viatu, akapenya katikati ya watu, pengo dogo tu, akaketi mkekani.

"Nilitaka nimuage kaka yangu nyumbani, mama akasema yuko msibani. Nikasema si vizuri nikae tu, niende nami nikatoe pole." Akavuta miguu, akaikunja. "Endelea, kaka. Mimi nilikuwa mtu mzuri?"

Mwenyekiti akafungua kinywa. Mzaha uliofuata ulikuwa tayari, ulihusu harusi ya binamu na kuku aliyepigwa chenga, na ulikuwa mzuri kuliko yote. Haukutoka. Macho yalianza kumchoma, kama siku ukichomelea bila miwani.

"Gari liko karibu kufika," Sindano akasema, sasa kwa sauti ya chini, mzaha umemwisha. "Nina kiu, kaka. Nipeni hata chai ya matanga yangu, niende."

Hakuna aliyegusa birika. Aliyekuwa amelikaribia akausogeza mkono wake mbali, kama limekuwa la moto zaidi. Mwenyekiti alitazama mikono yake mwenyewe, ile yenye makovu ya cheche. Angeweza kunyamaza. Baada ya muda mfupi gari lingepiga honi, dogo angeondoka, na yeye angebaki Mwenyekiti, mtu wa msimamo, asiye na upendeleo. Na kila Jumapili angekaa jukwaani pembeni ya Mzee Tochi, wawili hao wakitazama uwanja.

Akainama, akachukua kikombe, akamimina. Chai ikamwagika kidogo mkekani. Akampa.

"Kunywa polepole," akasema. "Usijiunguze."

Kinyozi akainuka, akafunga mikono kwa heshima.

"Ndugu waombolezaji," akasema, "tulikuja na msiba mmoja, tunaondoka na miwili. Mwenyekiti wetu naye hatunaye tena. Tatizo ni hili: aliyekuwa anajua kutoa wasifu ndiye aliyekufa."

Ua ukalipuka kwa kicheko. Hata Sindano alitema chai. Jambo lilikuwa limepita salama, kumbe. Sheria yote ile, miaka yote ile, imekwenda na maji kwa mzaha mmoja wa kinyozi. Mwenyekiti akajikuta anacheka naye.

Mzee Tochi hakucheka.

"Kumbe inawezekana," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekuwa akisukuma mlango kwa muda mrefu, akaja mwingine akauvuta. Vicheko vikafa kimoja kimoja.

"Mzee wangu..." Mwenyekiti akaanza. Kila neno alilolifikiria aliona haya kulitamka.

"Usihangaike, mwanangu." Mzee akamgeukia Sindano. "Huko uendako, kipa wao... utamwona. Msalimie. Mwambie..." Akaipapasa tochi mfukoni. "Mwambie tu nimemuulizia."

Sindano akaweka kikombe chini. Akamtazama kaka yake, akamtazama kinyozi. Wote wawili wakayakimbiza macho.

"Baba, kipa hayuko kule. Walishamuuza tangu msimu uliopita, kaenda kaskazini." Sauti ikapungua. "Hukuambiwa?"

Nani amwambie? Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulikuwa umefunga mdomo kwa sheria. Kinyozi akakumbuka ghafla kwamba aproni yake ina nywele, akaanza kuzitoa moja moja.

Nje, kule njia panda, gari likapiga honi.

Mwenyekiti akalinyakua begi. Sindano akavaa viatu bila kufunga kamba. Walipofika mlangoni walisikia hatua nyuma yao: Mzee Tochi amejizoa mkekani, anakuja, mkono ukutani, hajaaga mtu. Hawakumwambia arudi. Wakapunguza mwendo.

Wakatembea watatu kando ya barabara, vumbi la jioni, wauza duka wakipiga kelele "Sindano! Usitusahau!" na Sindano akipunga mkono. Mwenyekiti alilibeba begi begani, jepesi mno kwa safari yenyewe. Alijua kesho atalazimika kugonga mlango wa mzee huyu na kusema jambo ambalo halina mzaha ndani yake hata mmoja, na hakujua litaanzia wapi.

"Huko kaskazini," mzee akasema mwishowe, "wanavaa rangi gani?"

"Njano, baba. Kipa anavaa njano tupu, juu mpaka chini."

Mzee Tochi akapangusa vumbi usoni.

"Njano," akasema. "Haijawahi kumpendeza yule, tangu mdogo."