Maji ya Sagaa

Kwa miaka ishirini na miwili Nerima alimwaga maji ya sagaa, na hakuna aliyewahi kumlaumu. Ndivyo alivyofunzwa na mamake kule Busia: chemsha mboga, mwaga uchungu, tia maziwa, acha zilale hadi kesho. Mumewe Patrobas alizila hivyo akilamba vidole, enzi zile vidole vyake vilipokuwa bado vinakunjuka.

Sasa havikunjuki. Baridi yabisi ilimtoa kiwandani kule mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, ikamkunja viganja vikawa ngumi. Na binti yao Marion alikuwa mjamzito. Patrobas alibaki na ombi moja tu duniani: ambebe mjukuu wake kwa mikono yake mwenyewe.

Kule kliniki, mtaalamu wa lishe alimweleza Nerima kwamba mboga kama sagaa, hata manjano na tangawizi, zina kemikali za asili zinazoweza kusaidia kupunguza uvimbe mwilini. Alisema zinaweza, hakusema zitaponya, tena akaonya dawa zisiachwe. Kisha akaongeza kwamba sehemu ya uzuri huo hupotelea kwenye maji yanayomwagwa.

Lakini sikio la mwenye shida husikia lake. Nerima alisikia kwamba amekuwa akimwaga mikono ya mumewe mtaroni, sufuria baada ya sufuria. Alilia njia nzima hadi nyumbani.

Tangu siku hiyo hakumwaga hata tone. Patrobas aliula ule uchungu uso umekunjamana, akameza na vidonge vyake, na kila asubuhi akasema maumivu yamepungua kidogo. Nerima akaamini. Mfa maji haachi kutapatapa.

Mtoto alizaliwa Agosti. Marion alipomletea babake, Patrobas alinyoosha mikono, vidole vikakataa. Alijaribu mara tatu. Mwishowe Marion alimlaza mtoto juu ya mikono ile, kama anayempakia mtu kuni, na yeye mwenyewe akamshikilia asianguke. Patrobas alitabasamu. Nerima alitoka nje kwa sababu moyo ulimuuma kupita kiasi.

Jioni alibandika sagaa. Zilipochemka aliinyanyua sufuria, akaelekea mtaroni kama zamani. Ikiwa mzee wa watu ameteseka bure, basi angalau ale kitu kitamu.

"Usimwage, Mama Marion," Patrobas akasema kutoka kitini.

"Si hayajakusaidia."

"Najua. Lakini ukimwaga, nitajua umekata tamaa na mimi."

Nerima aliirudisha sufuria jikoni, akakaa kando ya mumewe akilia.