Herode Naye Aliapa

Panga la kwanza lilimkosa Bibi Evelina, likazama kwenye mwimo wa mlango. La pili lilikuwa linashuka pale Mzee Mayala, aliyekuwa anatoka kilabuni akiyumba, alipoingia uani na kasia la mtumbwi na kumvunja mvamizi mmoja taya. Wavamizi wakakimbia. Vidole viwili vya Mayala vilibaki mchangani, kuku wakavizunguka, na Dorotea, binti wa bibi yule, akawafukuza kwa kanga huku akitapika.

Hiyo ilikuwa Juni, pale Igombe, kando ya ziwa. Ikasemwa walikuja kuua mchawi, kwa kuwa macho ya bibi ni mekundu. Mwanamke amebanika samaki tangu ujana wake, moshi ungemwachia macho ya rangi gani? Uchawi wake ulianza siku alipokataa kuhama ufukweni. Soko huria lilikuwa limefika, matajiri wakitafuta mahali pa kujenga kiwanda cha minofu ya sangara, na dalali wao alikuwa Luhaga: mlezi wa kwaya, mfadhili wa mabati ya kigango, wa kwanza kupiga magoti na wa mwisho kuinuka. Vijana wenye mapanga walilala uani kwake. Igombe nzima ilijua. Polisi nao walijua, wakaandika kwamba wahusika hawafahamiki.

Oktoba ukaja uchaguzi wa madiwani, wa kwanza wenye vyama vingi. Luhaga akagombea upande mmoja, Mayala upande wa pili. Akishinda Luhaga, ufukwe ni wake kugawa, na Bibi Evelina ni wa kaburini.

Jumamosi iliyotangulia wiki ya kura, Nkwabi, mkubwa wa vijana wale, alipiga hodi nyumbani kwa Dorotea na mama yake. Safari hii alikuja na mwenzake, na mkononi ameshika Biblia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mdomo ulijibu wenyewe, kwa mazoea.

"Leo nimekuja na Neno. Akina mama wa nyumba zote hizi wameshaapa kumpa kura mtu wa Mungu. Umebaki wewe."

Mwenzake alikuwa ameshamkamata Bibi Evelina nywele, panga shingoni, na damu imeanza kuchora uzi. Dorotea akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa.

Kesho yake jumuiya ilisali nyumbani kwa jirani. Katekista Alexander alipomaliza Injili, akafunga kitabu na kukohoa.

"Mchagueni mcha Mungu, ndugu zangu. Yule mwingine ana wake watatu, ni mlevi, na mbegu za pamba za ushirika tunajua zilikwenda wapi."

"Zilikwenda tumboni mwake," alisema Dorotea. "Na zangu zikiwemo. Mwaka ule tulikula mizizi, mwalimu, sijasahau. Ni mwizi. Lakini mwizi nitamshitaki nikiwa hai. Huyu mcha Mungu wako nitamshitakia wapi, kuzimu?"

Wanawake wakacheka, kisha wakatazama mlangoni.

"Nasikia uliapa," alisema Alexander. "Tena juu ya Biblia. Kiapo ni kiapo."

"Herode naye aliapa, mwalimu."

Alexander akakigeuza kitabu mikononi.

"Aliapa mbele ya wageni wake, akaona haya kurudi nyuma. Kichwa cha Yohane kikaletwa kwenye sahani. Sasa mnataka na cha mama yangu, ili kiapo changu kisipate doa? Mimi nitakivunja, halafu nitaungama. Mungu nitamjibu mwenyewe."

Katekista akafungua kitabu cha nyimbo, ukurasa wowote ule, akaanzisha.

Siku ya kura, foleni ilianzia darasani ikafika getini, na getini alisimama Nkwabi na rungu. "Mchawi hapigi kura," alisema, akamsukuma Bibi Evelina nje. Askari aligeuka kutazama ziwa.

Dorotea alikuwa ndiyo kwanza anatoka darasani.

"Umetimiza?" Nkwabi alimuuliza.

Kura ni siri. Angeweza kupita zake. Lakini mama yake alikuwa bado nje ya geti, na Nkwabi alikuwa na macho mawili tu.

"Nimempa Mayala," alisema, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. "Na ungekuwa na akili, mwanangu, nawe ungempa."

Rungu likatua kwenye kiwiko, mfupa ukalia. La pili mdomoni. Dorotea akaanguka, akaikumbatia miguu ya kijana asiweze kugeuka, akamng'ata shavu la mguu mpaka akaonja damu. Vijana wengine wakaja kusaidia kupiga. Wanawake wa foleni, walewale walioapa, wakamvuta Bibi Evelina katikati yao, wakampitisha. Alikawia mle ndani, maana hakuwahi kushika kalamu. Muda wote huo marungu yalikuwa yakishuka.

Mayala alishinda. Wiki haijaisha alikuwa amelala mtaroni, mbali kidogo na kilabu, nzi mdomoni. Dorotea alimkuta hapo, mkono kwenye plasta, pengo mbele.

"Mzee Mayala."

"Nani?"

"Mpiga kura wako. Amka, mheshimiwa. Nkwabi, aliyekamatwa kwa kunivunja mkono, katoka kwa dhamana, na Luhaga yuko ufukweni na wapima ardhi tangu asubuhi. Wameshachomeka kigingi jikoni kwa mama."

Mayala akasema kichwa kinamuuma, arudi kesho. Dorotea akampiga teke la mbavu. Akampiga la pili, zito kuliko la kwanza, akaendelea mpaka diwani akasimama.